Wala Chuma wa Kabuno na Jeni Zinazohama



Hapa Masisi mtu akitaja madini, mawazo ya wengi yanakimbilia Rubaya na koltani. Leo naomba tushuke upande wa ziwa. Madini nitakayoyazungumzia hayabebwi kwa magunia. Ni chuma kilichoyeyuka katika maji ya Ghuba ya Kabuno, ile pembe ya Ziwa Kivu ambayo msafiri huipitia akitoka Sake kuja Bweremana.

Kabuno ina kilomita za mraba 48 hivi, na imeungana na ziwa kubwa kwa mlango mwembamba wenye kina kidogo, kwa hiyo maji yake yanaishi maisha yake yenyewe. Chemchemi za chini, zinazotokana na volkeno, huingiza chumvi, gesi ya kaboni na chuma. Maji hayo mazito hubaki chini, mepesi yakabaki juu, wala hayachanganyiki. Kwenye kina cha mita 10 hivi oksijeni inakwisha. Samaki sambaza hawezi kuishi chini ya hapo, lakini mwanga hafifu wa jua bado unafika, na hapo ndipo walipo bakteria ninaowaita wala chuma.

Mwaka 2015 Marc Llirós, Sean Crowe na wenzao walionyesha kwamba bakteria hawa hufikia asilimia 30 ya vijidudu vyote vya tabaka hilo lenye mwanga. Wanaishi kwa jua kama majani ya mgomba yanavyoishi, ila mgomba huchukua elektroni kutoka kwenye maji na kutoa oksijeni, hali wao wanazichukua kutoka kwenye chuma na kuacha kutu. Kutu hiyo huzama. Huko chini kuna bakteria wengine wanaoipumua: wanairudishia elektroni, chuma kinayeyuka tena, na mzunguko unaanza upya. Wataalamu wa miamba wanaijia Kabuno kwa sababu bahari za dunia, zaidi ya miaka bilioni 2 iliyopita, zilikuwa na chuma kingi namna hii. Mimi sababu yangu ni nyingine.

Mmoja wa bakteria hawa alitengwa akakuzwa maabarani. Jina lake ni Chlorobium phaeoferrooxidans, chapa KB01, na hizo K na B zimetokana na jina la ghuba yenu. Mpangilio wa jeni zake ulichapishwa mwaka 2017. Ndugu zake wengi wa ukoo wa Chlorobium hawali chuma. Wanakula salfaidi, ile yenye harufu ya yai viza. Basi huyu uwezo wake aliutoa wapi?

Tuanze na chombo chenyewe. Bakteria hawezi kumeza kutu wala punje ya jiwe. Lazima elektroni ivuke ukuta wa seli, na kazi hiyo hufanywa na protini zenye hemu, kiini kilekile cha chuma kinachoipa damu yetu wekundu. Protini moja ya aina hiyo inaitwa Cyc2: ni bomba dogo lililopachikwa kwenye utando wa nje, na ndani yake mna hemu moja inayopokea elektroni kutoka nje. Jeni ya Cyc2 imo katika KB01. Imo pia katika Chlorobium ferrooxidans, aliyeelezwa Ujerumani mwaka 1999. Lakini imo vilevile katika Mariprofundus wa volkeno iliyo chini ya bahari huko Hawaii, na katika Acidithiobacillus ferrooxidans wa maji makali ya migodini. Hao si watu wa ukoo mmoja. Ukichora mti wa nasaba zao, kisha ukachora mti wa jeni hiyo peke yake, miti hiyo haifanani. Mkulima wa maharagwe wa Masisi hashangai akiona hivyo: mbegu iliyo shambani si lazima iwe imetoka kwa mama yako, jirani naye hugawa.

Jeni huhama kwa njia kadhaa. Kuna plasmidi, duara ndogo za DNA zinazopitishwa kutoka seli hadi seli. Kuna faji, yaani virusi vya bakteria, ambavyo huondoka na vipande vya mwenyeji wao. Na kuna vipande virukavyo, vinavyojichomoa sehemu moja ya DNA na kujichomeka kwingine. Mfano ninaoupenda unatoka Ziwa Banyoles, Hispania. Mwaka 2017 watafiti waliripoti kuhusu Chlorobium luteolum wa huko, ambaye ndugu yake wa maabara ni wa kijani lakini yeye ni wa kahawia. Alikuwa amepokea kutoka nje furushi la jeni lenye urefu wa herufi 18,000 za DNA, na kwa rangi hiyo mpya akaweza kuishi kwenye maji yenye mwanga mdogo. KB01 naye ni wa kahawia, na anaishi kwenye mwanga mdogo vilevile.

Hata hivyo tusiwasifu hawa wahamaji kupita kiasi, maana kipande kirukacho hakina nia njema. Mwaka 1988 Schrader na Holmes walieleza kisa cha Acidithiobacillus ferrooxidans, ambaye wakati huo aliitwa Thiobacillus. Baadhi ya makundi yake ya maabarani yaliacha kula chuma, yakaanza kutambaa na kuenea, yakiendelea kuishi kwa salfa. Baadaye mengine yakarudia chuma kana kwamba hakuna kilichotokea. Mwaka 1999 timu ya Holmes ilimtaja mshukiwa: kipande kiitwacho IST1 kilikuwa kimejichomeka ndani ya resB, jeni inayosaidia kuunda protini zenye hemu. Jeni ikikatika, njia ya elektroni kutoka kwenye chuma inafungwa. Kipande kikichomoka vizuri, njia inafunguka. Kwangu hiki ndicho kiini cha mhadhara huu: ukoo hubaki uleule na jina hubaki lilelile, lakini kazi ya bakteria kwenye jiwe imebadilika.

Bakteria kuacha chuma ghafla namna hiyo kuna bei yake. Kasese, ng'ambo ya mpaka huko Uganda, kuanzia mwaka 1999 hivi kiwanda kilitumia bakteria ndani ya matangi makubwa kutoa kobalti kwenye marundo ya pairaiti yaliyoachwa na mgodi wa Kilembe. Kazi ya namna hiyo yote inategemea bakteria wanaoendelea kuchukua elektroni za chuma na salfa siku baada ya siku.

Na chuma chenyewe kinaweza kuwaamsha hao wahamaji. Katika Shewanella oneidensis, aliyetolewa kwenye ziwa moja la jimbo la New York na kutangazwa mwaka 1988, mna faji iliyolala ndani ya DNA. Mwaka 2014 ilionyeshwa kwamba chuma huiamsha: seli kadhaa hupasuka, DNA yao inamwagika, na DNA hiyo inasaidia kuwashikamanisha wenzao waliobaki.

Nirudi Kabuno. Mnaijua mazuku, hewa nzito inayoua mbuzi na watoto kwenye mabonde yetu. Gesi hiyohiyo ya kaboni imejaa kwenye maji ya ghuba, tena karibu na uso, na mipango ya kuipunguza inagusa tabaka wanamoishi wala chuma. Mimi naunga mkono kuiondoa. Uhai wa watu wa Kirotshe na Bweremana hauna mjadala. Ninachoomba ni kwamba kabla ya kila hatua maji yachukuliwe kila mita moja, kuanzia mita 8 hadi 15, yachujwe siku hiyohiyo, na vichujio vigandishwe. Tena tusihesabu majina ya bakteria tu. Tusome jeni ya Cyc2 na majirani zake kwenye DNA, tuone kama kando yake kuna alama za kipande kirukacho au faji. Kazi ya mtumbwi na kamba inaweza kufanywa na vijana wa hapa wakifundishwa vizuri, na wanafunzi walioko mbele yangu wanaweza kuianza muhula huu.