Utata, na Inshallah ya Kukwepa



Ndugu zangu vijana, nanyi wazazi wetu, leo nataka tuangalie neno moja tu: utata. Mshipi wa mvuvi ukijisokota tunasema umetatana. Maneno nayo hutatana. Mtu akisema, "Ali amemwambia Juma atoe ng'ombe wake shambani," ng'ombe ni wa Ali au wa Juma?

Utata kama huo si dhambi, hata Sahaba ulimpata. Aya ya 187 ya Suratul Baqarah inataja uzi mweupe na uzi mweusi wa alfajiri. Adiyy bin Hatim (r.a.) akachukua kamba mbili, nyeupe na nyeusi, akaziweka chini ya mto na kuzitazama usiku. Asubuhi akamwendea Mtume (s.a.w.), akaelezwa kuwa makusudio ni weusi wa usiku na weupe wa mchana. Aliuliza, utata ukatatuka.

Lakini kuna utata wa kusudi, yaani kuzungusha maneno ili usishikwe. Huo ndio ugonjwa. Unamdai mtu, anakujibu, "Inshallah tutaonana." Lini? Kimya! Jamani, Suratul Kahf imetufundisha Inshallah kwa sababu kesho haimo mikononi mwetu, si iwe pazia la kujifichia. Na aya ya 282 ya Baqarah inataka deni liandikwe na muda wake ujulikane.

Hapa kwetu Garsen na Delta nzima, jambo hili si mchezo. Agosti 2012, siku chache baada ya Idd, watu zaidi ya 50 waliuawa Riketa. Ugomvi ulikuwa wa maji, malisho na ardhi, si wa neno. Lakini kikao cha amani kikiandika tu "malka zitafunguliwa", bila kusema malka ipi, upana gani, lini, na nani ataondoa migomba iliyopandwa njiani, mkulima ataondoka na maana yake na mfugaji na yake. Kiangazi kikiingia, mifugo ikishuka mtoni, kila mmoja atamwona mwenzake mwongo.

Basi ulimi nao ufunge. Suratul Ahzab, aya ya 70, imetuamrisha kauli iliyonyooka. Ukitoa ahadi, taja nani, wapi, lini, kiasi gani. Kama huwezi, sema siwezi. Na kama hukuelewa, uliza kama alivyouliza Adiyy.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullah.