Njia Moja ya Wokovu kwa Watu Wote

(Mazungumzo ya wakatekista wa parokia katika sikukuu ya jubile)



Tumeombwa kusema juu ya imani yetu kwamba iko njia moja tu ya wokovu, na kwamba njia hiyo ni wazi kwa kila mutu. Wengi wanasikia hapo maneno mawili yanayopigana. Kama njia ni moja, wanasema, basi watu wengi wako nje. Kama ni wazi kwa wote, basi ziko njia nyingi. Sisi wakatekista tunakutana na shida hiyo kila mwaka, wala si katika vitabu. Inakuja na ulizo la mukatekumeni: "Nkambo wangu alikufa mbele ya kusikia jina la Yezu. Yeye yuko wapi?"

Tusimujibu kwa haraka. Mapadri Wabenediktini walifika huku kusini mwa Katanga katika mwaka 1910. Mbele ya hapo wankambo wetu walikuwa wakiyeyusha shaba, wakilea yatima, wakimuita Mungu kwa majina waliyoyajua. Je, Baba wa wote atawahukumu kwa sababu ya meli iliyochelewa? Mutakatifu Sipriano, askofu wa Kartago, yeye mwenyewe mwana wa Afrika, alifundisha katika karne ya 3 kwamba nje ya Kanisa hakuna wokovu. Lakini alikuwa akibishana na watu waliolijua Kanisa, kisha wakaligawanya. Mutaguso wa Pili wa Vatikano ulieleza jambo hili waziwazi katika mwaka 1964: mutu asiyeijua Injili pasipo kosa lake, akimutafuta Mungu kwa moyo wa kweli na kufuata zamiri yake kwa nguvu ya neema, anaweza kuokoka. Katika mwaka 1965 ukaongeza kwamba Roho Mutakatifu anamupa kila mutu nafasi ya kushiriki fumbo la Pasaka, kwa namna anayoijua Mungu.

Tuangalie vizuri: fumbo la Pasaka, si fumbo lingine. Nkambo akiokoka, anaokolewa na Kristu yule yule aliyekufa na kufufuka. Hana mwokozi wa pili.

"Basi kwa nini mutufundishe siku nyingi hivi?" Wanauliza tena, na wana haki. Tunawapeleka kwa Kornelio, yule ofisa wa askari wa Roma. Sala zake na sadaka zake zilikuwa zimekwisha kufika kwa Mungu, Roho akamushukia, na hata hivyo Petro aliagiza abatizwe. Katika barabara ya Lubumbashi tumezoea peaji: usipolipa, hupiti. Ni hatari kubwa katekista akianza kujiona mulinzi wa peaji.

Tena kuna jambo zito zaidi. Muji wetu, ulioitwa Jadotville mupaka mwaka 1966, ulijengwa na watu wa kila kabila. Union Minière ilileta wafanyakazi kutoka Kasai, Rwanda, Burundi na Rodezia ya Kaskazini, wakakaa katika kambi pamoja na wenyeji wa Katanga, wakasali kwa Kiswahili kimoja. Halafu katika miaka 1992 na 1993 ndugu zetu Wakasai walifukuzwa katika nyumba zao. Maelfu walilala kwenye stesheni ya Likasi wakingoja treni. Wengi walikufa hapo na njiani, hasa watoto. Waliofukuza na waliofukuzwa, wengi walikuwa na ubatizo mumoja. Sisi tunaona kwamba kosa lile lilivunja imani yenyewe, si amani ya muji peke yake. Anayekataa kukaa na jirani hapa Likasi, naye anasema watakaa pamoja mbinguni, hajasadiki bado kwamba wokovu ni wa wote.

Katika vitabu vya ubatizo vya parokia yetu, jina la Mukasai linafuata jina la Musanga, la Mubemba, la Munyarwanda, bila kutengwa. Tumemuomba padri paroko kwamba tarehe 2 Novemba, siku ya kuwaombea marehemu wote, majina ya wale waliokufa katika kufukuzwa yasomwe mbele ya altare, pamoja na majina ya wankambo wasiobatizwa. Amekubali. Daftari iko kwa katibu wa parokia mupaka mwisho wa Oktoba. Anayejua jina alilete, hata kama hajui mutu huyo alisali katika kanisa gani.