Springi ya Valvu ya Maji: Nguvu Ipi Ndiyo Sahihi?

Mazungumzo ya Afisa Habari wa Halmashauri na wakazi wa Kata ya Chome



Milima yetu ya Upare imetujalia maji yanayoteremka yenyewe kutoka msitu wa Shengena. Wazee wetu waliochimba ndiva walijua kwamba maji ya mteremko hayana budi kutawaliwa: waliyakusanya usiku, wakayafungulia mchana kwa kiasi. Ndani ya bomba kazi ni ile ile, ila hesabu yake haionekani kwa macho.

Kila mita 10 za mteremko huongeza presha, ambayo vitabu vya fizikia huiita kanieneo, kwa kilo 1 katika kila sentimita ya mraba. Tangi likiwa mita 200 juu ya nyumba, koki zote zikafungwa usiku, presha hufikia kilo 20. Bomba la daraja la PN 6 limeundwa kufanya kazi kwa presha isiyozidi kilo 6. Ndiyo maana hujengwa matangi ya kupunguza presha njiani, na kati ya tangi na tangi huweza kufungwa valvu ya usalama. Ndani yake mna pistoni inayokandamizwa na springi. Presha ikizidi, pistoni husukumwa na maji ya ziada hutoka nje. Ikipungua, springi huirudisha mahali pake.

Je, springi iwe na nguvu kiasi gani? Tuchukue mfano. Tunataka valvu ianze kufunguka presha ikifika kilo 5, na pistoni ina kipenyo cha sentimita 3. Eneo lake ni 3.14 mara 1.5 mara 1.5, yaani takribani sentimita za mraba 7. Zidisha kwa 5: springi sharti iisukume pistoni kwa nguvu ya kilo 35.

Wengi huishia hapo, na hapo ndipo bomba huingia hatarini. Springi hukaza zaidi kadiri inavyobanwa. Tuseme pistoni inahitaji kusogea nusu sentimita ili maji yatoke vya kutosha. Springi ngumu, inayotoa kilo 35 ikibanwa sentimita 1 tu, itaongeza kilo 17.5. Jumla ni 52.5, gawanya kwa 7, unapata presha ya kilo 7.5. Bomba la kilo 6 limekwisha kuzidiwa. Lakini springi laini na ndefu, inayotoa kilo 35 ikibanwa sentimita 5, huongeza kilo 3.5 pekee. Jumla ni 38.5, na presha ni kilo 5.5. Bomba limesalimika. Kwa hiyo springi ngumu zaidi si lazima iwe salama zaidi.

Fundi anaweza kuipima springi hiyo laini kwa ndoo ya lita 20. Ikijaa maji, pamoja na uzito wake, hukaribia kilo 21. Ikiwekwa juu ya springi, ifupike sentimita 3. Aidha, springi iweze kubanwa sentimita 5.5 bila mizunguko yake kugusana, na isiwe na kutu.

Ndugu wananchi, kutokana na hesabu hiyo nina maombi matatu. Kwanza, valvu ikitema maji usiku, tusikimbilie kukaza nati yake. Huenda inafanya kazi iliyowekewa. Ukiikaza, maji yatanyamaza pale, kisha bomba huenda likapasuka bondeni kwa jirani yako. Pili, tusibadilishe springi yake kwa springi ya pikipiki au ya gari, hata kama inaingia vizuri. Tatu, valvu inayotema maji mchana kutwa, watu wakiwa wanachota, itolewe taarifa kwa chombo chenu cha maji, ili fundi aikague akishirikiana na RUWASA.

Bomba likipasuka, gharama ya kulitengeneza hutoka katika ada ya maji tunayolipa sote, na mtoto anayerudi mtoni na ndoo kichwani ni wetu sote.