Kabla Giaboksi Haijashushwa

Msikilizaji, kama una pikapu ya zamani, tuseme Hilux ya miaka ya 80 au 90 yenye gia za mkono, na siku hizi mkono wa gia umelegea, unacheza kama mchi kinuni, nakuomba usikubali giaboksi ishushwe leo.

Gereji nyingi hukumu ni ya haraka. Fundi anaushika mkono, anautikisa, anasema giaboksi imekwisha. Mwenye gari, pengine ni mtu wa Njombe anayeishi kwa kusomba viazi, anaanza kukopa. Kumbe mara nyingi kilichokwisha ni bushi ya plastiki, ambayo ukiifumba kiganjani haionekani.

Katika magari hayo mkono wa gia unazama moja kwa moja juu ya giaboksi. Ncha yake ya chini imevishwa bushi hiyo ili chuma kisisuguane na chuma. Miaka ikipita bushi inakauka, inapasuka, inamomonyoka. Unatafuta gia ya 3, unaangukia ya 1. Ukikanyaga mafuta, mkono wote unatetema.

Jambo hili linaniuma kwa sababu ya milima yetu. Anayeteremka Kitonga na mzigo anaitegemea gia ya 2 ili injini isaidie breki. Akiikosa, akabaki frii katikati ya kona, mzigo wote unaangukia breki, na breki zikishachemka hazishiki. Huyo amebeba roho yake na za walio mbele yake.

Na kazi yenyewe wala haihitaji kuingia uvunguni. Weka gia frii, fungua kirungu cha juu, nyanyua zulia na mpira wa kuzuia vumbi. Utakuta kifuniko kinachoushikilia mkono; kwenye nyingi unakibonyeza kwa nguvu huku ukikizungusha kinyume cha saa, nyingine zina bolti. Mkono ukitoka, ziba tundu papo hapo kwa kitambaa safi, maana mchanga ukiingia humo ndipo giaboksi itakapokufa kweli. Bushi mpya, grisi, basi.

Wako wanaoviringisha kipande cha tyubu mahali pa bushi. Nawasihi waache. Mpira ukilowa oili huvimba, kisha hukatika, na huwezi kujua utakatikia wapi. Spea ikikosekana, afadhali fundi wa kukereza akuchongee bushi ya nailoni kwa vipimo sahihi. Tunao mafundi hodari wa kazi hiyo, na wanastahili kutafutwa.

Si kila gia inayosumbua ni bushi, lakini. Zima injini, upitishe gia zote. Zikiingia laini, halafu zikagoma injini ikiwaka, anza na klachi, na utazame mafuta yake. Ila kama mkono haujalegea, na gia inachomoka yenyewe ukiwa unapanda mlima, hapo fundi anayetaka kushusha giaboksi msikilize.

Bushi kuukuu ikitolewa, omba vipande vyake uviunganishe palepale gereji. Kikipungua kimoja, kimedondokea ndani. Kitafutwe kwanza, ndipo mkono urudishwe.