Maji ya Ukwaju kwa Siku za Joto



Tangu Desemba mpaka Machi, pepo za kaskazi zivumapo, joto la Mombasa, Malindi na Lamu huwachosha wakubwa kwa wadogo. Katika siku hizo ni vinywaji vichache visivyo vileo viburudishavyo kama maji ya ukwaju yaliyotiwa tangawizi na nanaa. Mkwaju ni mti wa asili ya Afrika, nao hustahimili ukame. Waarabu waliliita tunda lake tende ya Kihindi, na kutokana na jina hilo Wazungu wakapata jina lao. Hapa pwani kinywaji hiki hujulikana sana, hasa wakati wa futari.

Lakini liko jambo ambalo aghalabu husahauliwa. Wako wasemao kwamba ukali wa ukwaju huua vijidudu, na kwa hiyo maji yoyote yafaa. Sivyo. Ukali huo hauwezi kutegemewa kuyasafisha maji machafu. Wala barafu haisaidii, maana vijidudu vingi huishi katika baridi. Kipindupindu na homa ya matumbo huenea kwa maji ya namna hiyo, na mgeni aliyekaribishwa kwa heshima aweza kurudi kwake na maradhi.

Basi kazi ianze kwa maji. Yachemshwe hata yatokote kwa nguvu muda wa dakika 1. Na katika nchi za juu zipitazo mita 2,000, dakika 3. Kisha yafunikwe, yapoe ndani ya chombo kile kile.

Gramu 200 za ukwaju uliomenywa zitiwe katika bakuli la kaure au la gilasi, zimiminiwe nusu lita ya maji ya moto, na ziachwe nusu saa. Sufuria ya shaba isiyotiwa bati isitumiwe kamwe, kwa kuwa ukali huila shaba ikaingia kinywajini. Mpishi anawe mikono kwa sabuni, auvuruge ukwaju mpaka kokwa na nyuzi ziachane na nyama yake, kisha achuje. Aongeze lita 1 ya maji yaliyochemshwa na kupoa, sukari vijiko 6 vya mezani, na kipande cha tangawizi kama kidole gumba, kilichotwangwa. Majani ya nanaa yaoshwe vizuri kwa maji safi, yapondwe kidogo, yatiwe mwisho. Baada ya robo saa kinywaji kichujwe tena.

Asiye na jokofu akinywe siku ile ile. Kikikaa katika joto huanza kuchachuka na kutoa mapovu, na hapo si kinywaji cha watoto tena.

Tena, mtoto anayeharisha asipewe maji haya yawe dawa, maana sukari nyingi yaweza kuzidisha kuhara. Apewe dawa ya maji ya chumvi na sukari itolewayo zahanatini. Ikikosekana, vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vilivyosawazishwa, vikorogwe katika lita 1 ya maji safi, naye apelekwe kwa daktari bila kukawia.