Mkate Kabla ya Safari

 

Mtamkumbuka nabii Eliya alipoketi chini ya mretemu, amechoka hata akaomba afe. Malaika aliyemjia hakuanza kwa kumkemea. Alimgusa tu, akamwonyesha mkate na gudulia la maji. Eliya akala, akalala tena, akaamshwa, akala mara ya pili, kwa kuwa njia ya kwenda Horebu ilikuwa ndefu. Sisi wahubiri twapenda kuuruka huo mkate ili tufike upesi mlimani. Leo tutakaa na mkate.

Nyumbani kwetu mama watoto ni mwalimu, mwaka wa 2020 akifundisha darasa la nane, naye ana ugonjwa wa kisukari. Hujidunga insulini kila siku. Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya Korona, alikaa nyumbani miezi sita. Kisha ikatangazwa kwamba walimu warudi Septemba 28, na wanafunzi wa kwanza Oktoba 12, wake wakiwamo.

Lazima tuungame jambo hapa. Makanisa yalipofunguliwa Julai mwaka ule, tuliruhusiwa watu 100 tu kwa muda wa saa moja, na wenye magonjwa ya kudumu walitakiwa wabaki nyumbani. Mama akabaki. Washirika walipouliza habari zake, tulijibu kwamba anawaangalia watoto. Watoto ni kweli alikuwa nao, lakini jibu letu halikuwa kweli. Tuliona haya mke wa mchungaji ajulikane kuwa mgonjwa. Na kazi ilipokaribia, tulimshauri afiche shuleni pia, wasije wakamwona hafai.

Kliniki nayo tulikuwa tumeikwepa kwa kuogopa msongamano. Tulipokwenda hatimaye, muuguzi alituonyesha kwamba hofu yetu ilikuwa imekaa mahali pasipo pake. Kisukari, alisema, si kwamba humvutia mtu virusi. Hatari ni kwamba akishaambukizwa aweza kuugua vikali zaidi, hasa kama sukari imekuwa juu siku nyingi. Basi kazi yetu ilikuwa kuirudisha sukari mahali pake kabla ya siku ya kufungua, wala si asubuhi ile ile.

Tukaanza majuma mawili mbele. Mama akaamka saa kumi na moja kama siku za kazi, akala kwa saa za shule, akapima sukari asubuhi na kabla ya chakula cha mchana, akaandika yote katika daftari, ili muuguzi aone kama kiasi cha dawa kibadilishwe. Jioni tulitembea, mwanzo hadi dukani tu. Na viatu! Miezi sita alivaa ndara, na mwenye kisukari aweza kupata lengelenge mguuni asisikie maumivu. Akavivaa viatu vya kazi nusu saa kila siku, nasi tukamtazama nyayo kila usiku kwa taa. Shuleni hakuna friji, lakini chupa ya insulini iliyokwisha kufunguliwa, kwa kawaida, hukaa kama majuma manne bila friji, mradi isipate jua wala joto kali. Soma karatasi iliyomo katika pakiti yako, au uulize kwa mwenye duka la dawa.

Muuguzi alisisitiza neno moja kuliko yote: akiugua, hata asipoweza kula, asiache insulini kwa kujiamulia. Anywe maji, apime mara nyingi zaidi, apige simu kliniki.

Usiku mmoja mama akasema, "Baba watoto, sukari ikinishuka darasani nitatoka jasho na kutetemeka, na maneno yatanipotea. Nina barakoa usoni. Watasema ni Korona, watakimbia. Nani atanisogelea?"

Tulinyamaza. Mnakumbuka siku zile, mtu akikohoa katika matatu abiria walivyogeukia madirisha. Sukari ikishuka chini ya 4 kwa mashine zetu, mtu huhitaji kitu kitamu mara moja: vijiko vitatu vya chai vya sukari katika maji, kama bado aweza kumeza, apimwe tena baada ya dakika 15, kisha ale chakula. Akizimia asitiwe kitu kinywani, akimbizwe hospitali. Ni kazi ndogo, lakini hufanywa na mtu aliye karibu, naye hawezi kuifanya kama hajaambiwa. Ushauri wetu wa kuficha ungaliweza kumwua.

Septemba 28 alikwenda moja kwa moja kwa mwalimu mkuu, akamweleza. Kisha katika chumba cha walimu akawaonyesha wenzake pakiti ya sukari mkobani. Walinyamaza kidogo. Mwalimu mmoja mzee, tuliyemfahamu miaka mingi, akavuta droo ya meza yake akatoa mashine ya kupimia kama ile ile. Hata mkewe, alisema, alikuwa hajamwambia.

Nasi Jumapili iliyofuata tuliwaambia washirika sababu ya kiti cha mama kuwa kitupu. Baada ya ibada wanne walitungoja nje, kila mmoja peke yake, mbali na wenzake.