Kwa ya Kwashemshi: Jina la Mahali kama Ushahidi wa Kisarufi

Jina la kata ya Kwashemshi, wilayani Korogwe, huandikwa neno moja, lakini sikio husikia mawili: kwa na Shemshi. She- ni mwanzo wa majina mengi ya wanaume miongoni mwa Washambaa, Wabondei na Wazigua. Mgogoro huanza mwanafunzi anapoulizwa kwa hiyo ni neno la aina gani. Vitabu vingi vya shule humpa jibu moja: kihusishi. Akijibu vingine, hukosa alama.

Tuseme mwanafunzi huyo amepinga, akidai kwamba watu husema "Kwashemshi kumekucha", na kwamba kihusishi hakiwezi kutawala upatanisho wa kitenzi. Hoja inavutia, ila haitoshi. Watu husema pia "Korogwe kumekucha", na Korogwe haina kwa. Hapa ndipo tasnifu nyingi hujikwaa: mfano mmoja ukikubaliana na dhana, mtafiti hufunga daftari.

Ushahidi wenye nguvu uko kwingine. "Juma kumejaa watu" si Kiswahili. "Kwa Juma kumejaa watu" ni Kiswahili safi. Juma ni mtu, hana ku-. Basi ku- ya kitenzi imetokana na kwa. Vivyo hivyo "kwetu ni kuzuri": kwetu imeundwa kama changu na vyenu, yaani kiambishi cha ngeli pamoja na shina la kimilikishi. Kwa hii, basi, ni ku- ya mahali na -a ya uhusiano. (Kwa ya "kata kwa kisu" ni jambo jingine, hiyo leo yafanya kazi ya kihusishi, na vitabu viachiwe.) Uchanganuzi huu si mgeni. Ashton alikwisha kuieleza -a hiyo katika sarufi yake ya mwaka 1944. Vitabu vya shule ndivyo vilivyoisahau.

Kipya kimo katika ramani. Handeni kuna Kwedizinga. Kilindi, wilaya iliyomegwa kutoka Handeni mwaka 2002, kuna Kwediboma. Katika jina hili la pili, kinachofuata kwe- si mtu, bali ni boma, lenye kiambishi di- cha ngeli ya 5. Kiswahili husema "kwa Juma", lakini aendaye kwenye boma huenda bomani. Nurse na Hinnebusch, katika kitabu chao cha 1993, waliziweka lugha za Sabaki, Kiswahili kikiwamo, pamoja na za Seuta, yaani Kishambaa, Kibondei, Kizigua na Kinguu, katika kundi moja la Kibantu cha Pwani ya Kaskazini-Mashariki. Ndugu hawa wana kwa moja, ila mipaka yake inatofautiana. Je, Kiswahili ndicho kilichoibana kwa ya makazi ikabaki ya watu, au Seuta ndizo zilizoipanua ikapokea vitu? Majina ya kata pekee hayawezi kuamua. Kundi hilohilo lina pia lugha za Ruvu na Kipare. Ikiwa huko nako kwa ya mahali hupokea vitu, uzito utaelemea upande wa kwanza.